Kabla ya Kuuliza Jeki ya Tani Ngapi

Ingia duka lolote la spea hapa Mwanza uulize jeki, na muuzaji atakurudishia swali moja: ya tani ngapi? Ukimwambia una pikapu atashusha ya tani 2 au 3 kutoka juu ya rafu, ataipampu mara mbili tatu uone inavyopanda, mtavutana bei, biashara imekwisha. Hakuna atakayekuuliza gari unaliegesha juu ya nini. Hakuna atakayekuuliza ukishaingia uvunguni gari litakuwa limekalia nini. Na hayo mawili ndiyo yanayoamua kama utatoka huko chini mzima.

Sisi nyumbani tuna Hilux ya kazi. Alfajiri inakwenda Mwaloni Kirumba kupakia dagaa, mchana inaweza kuwa Kisesa au Magu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari za Sengerema na Geita zimeongezeka, maana hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Gari likitembea hivyo linadai: oili, pedi za breki, grisi, bushi, beringi za tairi. Kazi kubwa naipeleka kwa fundi, na namheshimu fundi wangu. Lakini hizi ndogondogo nazifanya mwenyewe uani, na kwa kuwa vijana wengi mtaani wananiuliza wanunue jeki gani, nimeona niandike kwa kirefu badala ya kujibu kila mmoja njiani.

Ushauri wangu unakwenda kinyume na watu wanavyonunua. Anza na ardhi. Ukimaliza ardhi nunua stendi, yaani vile vyuma vya miguu vya kulibeba gari likishainuliwa. Jeki iwe ya mwisho.

Sababu iko ndani ya jeki yenyewe. Jeki ya mafuta inafanya kazi kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukiyagandamiza mafuta yaliyofungiwa, mgandamizo unasambaa sawa kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo, na jeki unayoiona dukani leo ni mjukuu wake. Pistoni ndogo inasukuma mafuta chini ya pistoni kubwa. Kama ndogo ina kipenyo cha sentimita 1 na kubwa sentimita 3, eneo la kubwa ni mara 9, kwa hiyo nguvu inazidishwa mara 9, kabla hata hujahesabu msaada wa urefu wa mpini wa kupampia. Ndiyo maana mtu mmoja mwembamba ananyanyua upande mzima wa gari bila kutoka jasho.

Sasa geuza hesabu hiyo. Tani 1 ikikalia jeki ya chupa, ile fupi inayosimama wima, yenye pistoni ya sentimita 3, mafuta yaliyo ndani yanabanwa kwa mgandamizo wa kama mara 50 ya ule wa upepo ulio kwenye tairi la pikapu. Kinachoyazuia yasitoke ni sili za raba na kigololi kidogo cha chuma kwenye valvu. Punje moja ya mchanga ikikaa pale kigololi kinapokalia, jeki inashuka. Inaweza kushuka polepole, usione. Sili ikikatika inashuka yote kwa mara moja. Jeki imeundwa kuinua, na ikishainua kazi yake imeisha. Mzigo lazima ukae juu ya kitu kisichotegemea mafuta wala raba.

Turudi kwenye ardhi, maana Mwanza ina tabia yake. Jiji letu limepanda vilima vya mawe, na nyumba nyingi za Mabatini, Igogo, Isamilo na kwingineko hazina uwanja ulionyooka wa kutosha gari moja. Chini ya vilima kwenye miteremko kuna luseni, ule mchanga mwepesi unaotokana na miamba iliyomomonyoka. Ukishuka zaidi bondeni unakutana na mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Vyote viwili ni adui wa jeki. Luseni inameza miguu ya stendi; mbuga wakati wa mvua inazama upande mmoja ikaacha mwingine. Gari lililosimama wima saa tatu asubuhi linaweza kuwa limeinama saa tano bila mtu kuligusa.

Na jeki ya toroli, ile inayolala na kutembea kwa magurudumu, ina jambo jingine ambalo wengi hawalioni mpaka waambiwe. Chuchumaa pembeni mwenzako akiwa anapampu, uangalie magurudumu yake madogo ya chuma. Kile kikombe kinachogusa gari hakipandi kama lifti. Mkono wa jeki unazunguka, kwa hiyo kikombe kinachora upinde. Ili kibaki palepale chini ya difu, lile tufe la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, jeki yenyewe lazima isogee kidogo, na utaona magurudumu yakijongea sentimita chache kwa kila hatua. Kwenye sakafu ngumu yanajongea yenyewe. Kwenye mchanga yamezama, hayatembei, basi kitakachosogea ni ama gari au kikombe. Gari likikataa, kikombe kinateleza. Wanaosema jeki yao "iliponyoka tu" mara nyingi walikuwa juu ya udongo.

Dawa yake ni zege, na si ghali kama watu wanavyodhani. Kipande cha mita 5 kwa 2.5, unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.25. Kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, utahitaji mifuko kama 8 ya kilo 50. Kokoto hapa kwetu hazina shida. Akina mama wanaogonga mawe kando ya barabara wanakuuzia kokoto za mwamba mgumu. Kandamiza udongo vizuri kabla ya kumwaga, nyoosha kwa pimamaji, halafu mwagilia maji angalau siku 7. Zege linafika nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, kwa hiyo usilikimbilie na gari wiki ya pili.

Kama umepanga, au mwenye nyumba hataki zege uani kwake, tafuta bamba la chuma nene au mbao pana za unene wa sentimita 5, moja chini ya jeki na moja chini ya kila stendi. Na mahali penyewe pawe pamenyooka. Kama uani kwako kote ni mteremko, peleka gari kwa jirani mwenye uwanja, au kazi iende gereji. Hilo silipunguzii makali.

Nije kwenye mawe, maana ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Katika jiji lenye mawe kila kona, mtu akikosa stendi mkono unakwenda kwenye jiwe. Nimeona Canter pale Buzuruga, tairi mbili za nyuma zimetolewa, gari limekalia jiwe na tofali, na kijana amelala chini anagonga dramu kwa nyundo. Jiwe letu ni gumu kweli, halitapasuka kwa uzito wa pikapu. Shida yake ni umbo. Ni la mviringo, chini limekaa kwa nukta tatu nne, na juu yake ni chuma cha chesisi kikiwa na grisi na matope. Mgongano mdogo tu wa nyundo, au kufungua nati iliyoshika kutu, unatosha kulibingirisha.

Tofali la saruji ni baya kuliko jiwe. Kwenye ukuta linabeba vizuri kwa sababu mzigo umesambaa juu ya uso wake wote. Chini ya gari mzigo wote unaingia mahali padogo, kwenye ukingo wa ekseli, na tofali, hasa lile lenye matundu, halipindi wala halilalamiki kwanza. Linapasuka. Hakuna mlio wa kukuonya.

Asiye na stendi atumie mbao. Hili nalisema kwa moyo mweupe kabisa: mbao zilizopangwa msalaba, mbili hivi na mbili hivi, ni njia ambayo hata vikosi vya uokoaji huitumia kushikilia majengo na magari. Mbao ikizidiwa inabonyea taratibu na kulia kabla ya kushindwa, unapata nafasi ya kutoka. Vipande vya sentimita 10 kwa 10 vinatosha, na ukipita kwa mafundi wa mitumbwi kule ziwani utapata mabaki ya mbao ngumu kwa bei ya kuni. Usipandishe rundo likazidi mara 2 ya upana wake, wala usitumie mbao iliyopasuka au iliyokuwa na misumari.

Stendi zenyewe dukani ni za aina mbili. Kuna za meno: unavuta nguzo juu, kijino kinaingia kwenye meno, mkono unakifunga. Na kuna za pini: nguzo ina matundu, unapitisha chuma kutoka upande mmoja hadi mwingine. Za meno ni nyepesi kutumia na ndizo zimejaa madukani. Mimi nimechagua za pini. Pini naiona kwa macho imetokeza pande zote mbili, na ili stendi ishuke lazima chuma kile kikatike. Kwenye za meno naamini kitu kilichojificha ndani ya bomba, kilichotengenezwa na kiwanda nisichokijua kwa usahihi nisioweza kuupima. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight Tools ya Marekani ililazimika kuwaita wateja warudishe stendi za meno za tani 3 na tani 6, zaidi ya milioni moja, kwa kuwa meno na kijino havikuwa vinashikana inavyotakiwa na stendi ingeweza kushuka ghafla ikiwa na mzigo. Mwaka huohuo, baadhi ya stendi zilizotolewa badala yake nazo zikaitwa, safari hii kwa kasoro ya kuchomelea. Hiyo ni nchi yenye chombo cha serikali kinachofuatilia mambo haya. Huku kwetu macho yako ndiyo mkaguzi.

Kwa hiyo kagua. Geuza stendi miguu juu, pitisha kidole kwenye kila mshono wa kuchomelea: uwe umejaa mfululizo, usiwe wa vidonge vilivyorukaruka. Simamisha zote mbili kwenye sakafu ya duka, zisicheze. Kama ni za meno, ziinue kwa kila jino na uzigandamize kwa uzito wa mwili wako. Nguzo isicheze kushoto na kulia kupita kiasi. Soma kibandiko ujue kama tani zilizoandikwa ni za stendi moja au za jozi, maana viwanda havifanani katika hilo.

Pikapu yetu tupu ni kama tani 2. Ukiinua upande mmoja tu unainua karibu tani 1, na kila stendi inabeba kama nusu tani. Kwa uzito, stendi za tani 3 zinakutosha na kubaki, hata kama tani hizo ni za jozi. Kwa nini basi wenye pikapu wanashauriwa tani 6? Ni urefu. Stendi za kawaida za tani 3 zinaanzia kama sentimita 28 mpaka 43 hivi. Ukiziweka chini ya ekseli ya nyuma ziko sawa kabisa. Mbele, kwenye Hilux ambayo kila tairi lina mkono wake na hakuna ekseli ya kuwekea stendi, unakamata chesisi, na chesisi ya pikapu iko juu. Gari likishainuliwa utakuta stendi imeisha na bado kuna pengo. Hapo ndipo watu huongeza tofali juu ya stendi. Za tani 6 zinafika kama sentimita 60. Lipia urefu huo.

Jeki nayo chagua kwa tepu kabla ya tani. Pima vitu viwili: kutoka chini mpaka mahali utakapoinulia tairi likiwa limeisha upepo, ujue kama jeki itaingia, na umbali ambao itabidi ipande. Ukiinulia kwenye chesisi, springi zinajinyoosha kwanza, gari linapanda huku tairi bado liko chini, na unapoteza sentimita nyingi kabla tairi halijaachana na ardhi. Ukiinulia kwenye ekseli, tairi linapanda pamoja na jeki. Zile toroli ndogo za tani 2 zinazouzwa ndani ya sanduku la plastiki nyingi zinaishia kama sentimita 33 mpaka 35. Ni za gari dogo. Kwa pikapu tafuta ya tani 3 inayopanda hadi sentimita 50, yenye magurudumu mapana ya chuma na mpini mrefu unaokuacha nje kabisa ya gari unapopampu.

Muuzaji mmoja aliniambia, "Kaka, chukua hii, inanyanyua mpaka Canter." Nikamwomba, "Sawa kaka, tuinyanyulie gari lako hapo nje, tuiache tunywe chai." Alikubali, na ni mtu mwema kwa kukubali. Tuliweka alama ya chaki kwenye rimu usawa wa kijiti tulichokisimamisha pembeni. Jeki nzuri baada ya nusu saa alama iko palepale. Halafu fungua valvu kidogokidogo: gari lishuke kwa utii, likisimama unapofunga. Jeki inayoshuka kwa kishindo ukiigusa tu valvu, iache dukani.

Ya chupa siidharau. Ni nguvu nyingi kwa pesa kidogo, inakaa nyuma ya kiti, na kwenye barabara ya vumbi ukiwa na ubao mpana chini yake inakufaa kuliko toroli. Kwa kazi ya uani kitako chake chembamba kinaniogopesha. Ya mkasi iliyokuja na gari ni ya pancha tu.

Sasa kabari na handibreki, na hapa wenye Canter wasikilize. Kwenye pikapu handibreki inakamata tairi za nyuma peke yake. Ukiinua nyuma, tairi zilizobaki chini ni za mbele, na hakuna kinachozishika. Gia nayo ni vivyo hivyo kama huendeshi tairi nne. Kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini si hiari. Canter na ndugu zake wengi wa kazi wana handibreki iliyo kwenye propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, nyuma ya giaboksi. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu linaruhusu tairi lile lililo hewani kuzunguka, na lililo chini likawa huru kuzunguka upande wa pili. Handibreki imevutwa, gia imewekwa, na gari linatembea. Fundi aliyezoea gari dogo anaweza asilijue hili mpaka siku lori linapomsogelea. (Na kwenye Canter na Fuso za zamani kutoka Japani, nati za tairi za kushoto zinafunguliwa kinyume. Zilegeze gari likiwa bado chini.)

Mpangilio wetu uani ni huu. Gari tupu, hakuna gunia nyuma. Kabari, handibreki, gia. Nati zinalegezwa. Jeki inaingia katikati ya difu, inapanda, stendi zinawekwa chini ya bomba la ekseli pande zote mbili, kwa usawa mmoja, kikombe cha stendi kikilikumbatia bomba. Gari linashushwa taratibu juu ya stendi. Kisha nalitikisa kwa nguvu nikiwa nimesimama nje, kwa bega, huku na huko. Kama litaanguka lianguke sasa. Baada ya hapo jeki inarudishwa ikagusa tu, na tairi lililotolewa linalazwa uvunguni chini ya chesisi. Watoto wanaingia ndani. Mtu mzima mmoja anabaki karibu, hata kama anachambua maharage, ilimradi ananisikia.

Neno la mwisho kuhusu mafuta. Jeki ikianza kulegea, watu wanaongeza mafuta ya breki kwa sababu yapo karibu. Usifanye hivyo. Sili za jeki nyingi ni za raba isiyoelewana na mafuta ya breki. Zinavimba, zinalainika, na baada ya muda zinaachia. Nunua mafuta ya haidroliki ya jeki, kopo dogo litakutumikia muda mrefu. Ukimaliza, fungua valvu, pampu mara kadhaa kizibo kikiwa kimetolewa ili upepo utoke, ndipo ufunge. Ihifadhi ikiwa imeshushwa kabisa, pistoni imejificha, mbali na vumbi.

Mtaani kwetu jeki inaazimwa sana, na sina tatizo na hilo. Anayekuja kuazima anaondoka na jeki, stendi mbili, kabari na mbao zake, vyote kwa pamoja. Akisema stendi hazihitaji, jeki inabaki ndani.